Dawa za mishipa ya moyo: hazifagii tiyo, zinakaza paa



Kuko ulizo moja ambalo sisi wadelege wa sendika tunalipata kila mara: "Delege, munganga ameniambia mishipa yangu ya moyo imeanza kuziba. Kuko dawa ya kuisafisha?" Anayeuliza ni dereva wa lori kubwa la karyeri, ao ni mutu wa pompi, ao ni fundi wa umeme. Mara nyingi ana miaka 45, 50, 55. Mara nyingine ni bibi yake njo anakuja kuuliza, sababu mwanaume mwenyewe anaona haya kusema kama anachoka akipanda ngazi.

Ku soko jibu ni jepesi. Mutu anapita na chupa ya maji ya mizizi, anasema: kunywa siku 21, mishipa itakuwa kama tiyo mupya. Watu wanalipa. Siku 21 zinapita, mishipa iko vilevile, na feza ya bukari ya watoto imeenda.

Leo tuseme wazi dawa za kweli zinafanya nini, na nini haziwezi kufanya. Mimi si munganga, ni mutu wa sendika. Haya yaliyo hapa ni mambo ambayo banganga wameyapima na kuyaandika, mimi nimeyaweka mu maneno yetu ya kazi. Mutumikaji asiyeelewa dawa yake ataiacha siku moja. Na sendika isiyoelewa dawa haitajua namna ya kuitetea mbele ya mukubwa wa kazi.

UCHAFU HAUKO MU TUNDU, UKO MU UKUTA

Wengi wetu tunafikiri mushipa wa damu ni kama tiyo ya maji: uchafu unaganda ndani, tundu linapungua. Kama ingekuwa vile, ingetosha kutia asidi na kusukuma maji, kazi imekwisha. Lakini mushipa ni nyama hai, na ukuta wake uko na tabaka mbalimbali.

Mafuta yanayoitwa kolesteroli hayawezi kutembea peke yake mu damu. Yanabebwa, sawa vile minere inabebwa na lori. Lori ndogo zinazoleta hasara ku mishipa zinaitwa LDL. Mwili unazihitaji kidogo. Zikiwa mingi kwa miaka na miaka, zinapenya mu ukuta wa mushipa na kubaki pale. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanakuja kuzila. Wanakula mpaka wanakufa palepale. Mafuta, chembe zilizokufa, baadaye na chokaa, vyote vinalundikana chini ya ngozi ya ndani ya mushipa. Mwili unalifunika lile lundo kwa kovu. Lundo pamoja na kifuniko chake njo banganga wanaita plaki.

Plaki inaweza kukaa miaka 20 bila kumuuma mutu. Sigara, tansiyo ya juu na diyabeti vinaisaidia kukomaa. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: krizi ya moyo haitoki kila mara ku plaki kubwa kupita zote. Mara nyingi inatoka ku ile yenye kifuniko chembamba. Kinapasuka, damu inagusa yale mafuta, inaganda kwa dakika chache, na njia inafungwa. Ikitokea mu moyo, ni krizi. Ikitokea mu kichwa, mutu anapooza upande mumoja.

Mutu aliyetumika chini ya udongo anaelewa upesi. Galeri inaweza kupita chini ya mulima muzima na watu wakafanya kazi pale miaka mingi. Kinachoua ni paa lililopasuka na jiwe lililolegea. Hakuna ekipe inayoondoa mulima. Tunagonga paa na kusikiliza mulio wake, tunaangusha mawe yaliyolegea, tunatia buloni na nyavu ya chuma, na kesho yake tunapita tena kuangalia. Dawa za mishipa zinafanya kazi inayofanana na ile. Zinapunguza muzigo kidogo, na zinakaza paa ili lisianguke.

DAWA ILIYOTOKA MU UKUNGU WA MUCHELE

Dawa ya kwanza na ya maana zaidi ni statini. Majina yake mu farmasi ni simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini na mengine yenye kuisha vilevile.

Ilianza ku Japani. Mutaalamu Akira Endo, wa kampuni Sankyo, alipima ukungu na uyoga wa aina zaidi ya 6.000. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: kitu cha kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli mingi. Mu 1973 alikipata ku ukungu wa rangi ya majani na buluu, uliotoka ku muchele wa duka moja la nafaka mu Kyoto. Dawa ya kwanza ya jamaa ile iliyouzwa ni lovastatini, iliruhusiwa ku Marekani mu 1987.

Kazi yake iko mu ini. Ini ni kiwanda cha kolesteroli. Statini inafunga mashini moja ya kiwanda. Ini likiona kolesteroli inapungua, linafungua milango mingi zaidi na kuvuta LDL kutoka mu damu. Kwa hiyo LDL inashuka mu damu yote, na ukuta wa mushipa unapata nafasi ya kupumua.

Watu waliuliza: sawa, namba ya damu imeshuka, lakini mugonjwa anaishi? Jibu lilitoka mu 1994 ku inchi tano za kaskazini ya Ulaya. Wagonjwa 4.444 waliokuwa na ugonjwa wa moyo waligawanywa mafungu mawili karibu sawa. Fungu moja lilipewa simvastatini, lingine kidonge kitupu, kwa miaka zaidi ya mitano. Wa kidonge kitupu walikufa 256. Wa simvastatini walikufa 182. Hesabuni wenyewe: watu 74 walibaki na familia zao.

JE, PLAKI INAPUNGUA KWELI?

Sasa turudie ulizo la "kusafisha". Banganga wako na waya mwembamba wanaoingiza mpaka ndani ya mushipa wa moyo. Unapima ukuta kwa sauti, kidogo kama vile mashini ya kuangalia mutoto mu tumbo la mama. Kwa waya ule walipima plaki mbele ya dawa na nyuma ya dawa.

Mu 2006 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa waliokunywa rosuvastatini miligramu 40, kipimo cha nguvu sana, kila siku kwa miaka miwili. LDL yao ilitoka 1,30 g/l ikashuka mpaka karibu 0,61. Na plaki? Mbele ilikuwa imechukua karibu 39,6 kwa mia ya nafasi ya mushipa. Kiisha miaka miwili ilikuwa 38,6. Imepungua sehemu moja tu.

Mu 2011 walilinganisha statini mbili zenye nguvu, atorvastatini na rosuvastatini, ku watu zaidi ya 1.000. Karibu wawili kati ya watatu plaki yao ilipungua. Mumoja kati ya watatu haikupungua. Mu 2016 ilikuja sindano inayoitwa evolokumabu. Walioichoma juu ya statini kwa juma 78, plaki yao ilishuka tena karibu sehemu moja. Waliobaki na statini peke yake, plaki yao haikupanda wala kushuka.

Najua mutu atasema: "Sehemu moja! Ni bure." Hapana, ndugu. Kumbuka paa. Statini ikikaa muda murefu, mafuta laini yanapungua ndani ya lundo, moto unapoa, kifuniko kinakuwa kinene, na plaki inakauka na kuwa ngumu. Ndiyo sababu picha ya skaneri inaweza kuonyesha chokaa nyingi zaidi ku mutu anayekunywa dawa muzuri. Asiogope, na asiache. Plaki ngumu inapasuka kidogo kuliko plaki laini. Banganga walipokusanya hesabu za wagonjwa wengi sana, waliona kila mara LDL inaposhuka karibu 0,39 g/l, krizi za moyo na kupooza zinapungua karibu mara moja kwa tano. Sehemu ile moja ya plaki inaonekana ndogo ku picha, lakini mbele ya kifo ni kubwa.

Kwa hiyo mutu akikuahidi kuosha mishipa mpaka iwe mipya, hata akiwa amevaa blouse nyeupe, jua anakudanganya. Na mutu akikuambia hakuna dawa, naye anakudanganya.

SINDANO ILIYOPITIA KU DAMU YETU

Juu ya ile sindano kuko habari inayotugusa sisi Waafrika. Mu 2003 wataalamu wa Paris walipata kasoro ya urizi, jina lake PCSK9, ku familia za Ufaransa zilizokuwa na kolesteroli ya juu sana. Halafu wataalamu wa Dallas, ku Marekani, walitafuta kinyume chake: watu ambao urizi ule umezimika. Waliwapata zaidi ku Wamarekani weusi, wenye mababu wa Afrika. Mu 2006 waliandika kama kati ya Wamarekani weusi waliowafuata, 2,6 kwa mia walikuwa na urizi ule umezimika. LDL yao ilikuwa chini kwa 28 kwa mia, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa 88 kwa mia. Mwaka uliofuata iliandikwa habari ya bibi kijana wa Zimbabwe, ambaye urizi ule ulizimika pande zote mbili, ya baba na ya mama. LDL yake ilikuwa karibu 0,15 g/l, na alikuwa muzima, amezaa mutoto.

Njo hapo viwanda vilielewa kama wakiizima PCSK9 kwa sindano, hawatamuumiza mutu. Damu ya watu wenye asili ya Afrika ilionyesha njia. Lakini sindano ilipotoka ku Marekani mu 2015, bei yake ilipita dola 14.000 kwa mwaka. Nani mu Kolwezi, mu Likasi, mu Kipushi ataweza?

Tusikate tamaa. Statini haiko tena mali ya kampuni moja, viwanda vingi vinaitengeneza. Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliingiza simvastatini mu liste ya dawa za lazima tangu 2007. Mu 2023 liliingiza tena kidonge kimoja chenye dawa mbalimbali ndani: statini, dawa za tansiyo, na aspirini. Ku Iran walikijaribu kidonge cha namna ile mu vijiji, ku watu zaidi ya 6.800, kwa miaka mitano. Krizi na kupooza vilipungua karibu mara moja kwa tatu. Hiyo ilitangazwa mu 2019. Vijijini, bandugu, si mu hopitali ya watajiri.

KABLA YA KUMEZA

Kwanza, dawa hii ni ya kila siku. Ukiiacha, LDL inapanda tena kwa juma chache. Usiache sababu unajisikia muzima. Kujisikia muzima si kipimo, maana plaki haiumi.

Pili, sema ku munganga dawa zote unazokunywa. Mu familia zetu za mugodi kifua kikuu kiko, na SIDA iko, tusifichane. Rifampisini ya kifua kikuu inaipunguza nguvu statini. Dawa zingine za SIDA, kama lopinaviri na ritonaviri, hazipatani hata kidogo na simvastatini: zinaipandisha mu damu mpaka inaharibu nyama za mwili. Eritromisini na klaritromisini, tunazopewa kwa kikohozi, ni vilevile. Munganga akijua, atachagua statini ingine ao kipimo kingine. Asipojua, hawezi kukusaidia.

Tatu, maumivu ya nyama. Mutu aliyebeba vyuma siku nzima, mgongo wake unauma hata bila dawa. Usikimbie kusema ni kidonge. Lakini maumivu yakiwa makali, ya pande zote mbili, na mukojo ukiwa mweusi kama chai nzito, simamisha dawa na uende ku hopitali siku ileile. Ni jambo la mara chache, lakini halingoji kesho.

Nne, mama mwenye mimba, ao anayetafuta mimba, ao anayenyonyesha, asianze wala asiendelee mbele ya kuongea na munganga.

Tano, aspirini si ya kila mutu. Aliyekwisha kupata krizi ya moyo anapewa na munganga. Mutu mwingine akijinywea kila siku bila ruhusa, inaweza kumtoa damu mu tumbo.

Sita, kidonge hakishindani na sigara. Ukivuta pakiti mbili kwa siku, unatia buloni mukono wa kuume na kuzing'oa mukono wa kushoto. Tansiyo na sukari navyo vipimwe. Na bamama, chumvi mu sombe na mu samaki tuipunguze kidogo kidogo, ulimi utazoea.

Na mutu akikamatwa na uzito mu kifua unaopanda ku mukono ao ku taya, na jasho baridi, ao uso ukipinda na ulimi ukiwa muzito, usimpe mizizi, usimpe statini mingi. Mupeleke ku hopitali saa ileile.

DAWA YA MAISHA, KONTRA YA MIEZI SITA

Sasa nifike ku kazi yangu. Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwajiri anapaswa kumutunza mutumikaji na familia yake wakiwa wagonjwa, pamoja na dawa, mpaka mwisho wa kontra. Mpaka mwisho wa kontra: maneno yale njo yanatuumiza hapa. Plaki haijui kontra. Mutumikaji wa supkontrati anasaini miezi sita, anakaa miezi miwili nyumbani, anasaini tena. Ile miezi miwili, dawa inakatika. Muzee anatoka pansheni na miaka 60, wakati ugonjwa unaanza kuwa na nguvu, na palepale dispensere ya kampuni inamufungia mulango.

Nimeona mahali pamoja pa kazi, sitapataja, ambapo mugonjwa wa moyo alipewa vidonge vya siku kumi tu. Yeye anatumika usiku, dispensere inafunguliwa muchana. Kwa mwaka alikunywa dawa labda nusu. Halafu wanasema mutumikaji ni mutu wa kichwa ngumu, hafuati dawa!

Kwa hiyo, wadelege wenzangu, tukienda kuongea konvansyo kolektivu tusiombe paka kupanda kwa mushahara. Tuandike mambo haya manne:

Moja: visiti ya munganga ya kila mwaka ipime tansiyo, sukari na LDL, na mutumikaji apewe karatasi ya namba zake mu mukono wake. Zile namba ni mali yake.

Mbili: statini na dawa za tansiyo ziwe mu liste ya dispensere, zisikosekane, na mugonjwa apewe za miezi mitatu pamoja.

Tatu: kontra ikiisha, mutu atoke na dawa za miezi mitatu na karatasi yenye jina la dawa na kipimo, ili hopitali ya serikali isianze kutafuta upya.

Ine: mutu asiondolewe ku posti yake paka sababu anakunywa kidonge cha moyo. Ninajua madereva wanaoficha ugonjwa kwa woga huo. Anayeficha hanywi dawa, na siku paa lake litaanguka, atakuwa ku usukani wa lori la toni 100.

Gharama? Mukubwa atauliza, na ni haki yake. Mujibu kwa hesabu: vidonge vya mwaka muzima kwa mutumikaji mumoja, mukivilinganisha na siku za hopitali za mutu aliyepooza, na za kumufundisha fundi mupya. Muombe farmasi ya kampuni iwape bei zake mbele ya mukutano, muandike ku tablo, kila mutu aone.

Na wewe unayesoma nyumbani, baba ao mama, ukiwa na miaka 40 kupanda, ao ukiwa na tansiyo, ao baba yako alikufa na moyo akiwa bado kijana, ulizo la juma hili ni moja: LDL yangu ni ngapi? Ukishapata krizi ya moyo, banganga wa Ulaya wanataka ishuke chini ya 0,55 g/l. Kama hujapata, munganga ataangalia na miaka yako, tansiyo, sukari na sigara, ndipo aseme unahitaji dawa ao hapana. Andika namba ile ku karatasi, uiweke pamoja na karatasi za kazi, na uilete ku delege wako siku ya mukutano.